UZI: Viongozi wa wafanyabiashara wakishika maiki Dodoma na Dar, sisi wa mwisho wa reli tunasemewa nini?

Mchuuzi wa Kibirizi

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje baadae, ila anayeanza kusoma naomba amalize maana hili jambo linagusa mifuko yetu.

Mimi nauza dagaa na mawese hapa Kigoma mjini, mzigo wangu unashuka Tabora, Dodoma mpaka Dar, na mteja akitokea upande wa Burundi napeleka. Kwa muda sasa nimekuwa nafuatilia hotuba za viongozi wa taasisi za kitaifa za wafanyabiashara, sio zile klipu za dakika moja zinazozunguka kwenye magrupu, naweka hotuba nzima stoo huku vijana wanashona magunia, na kuna kitu kinanisumbua. Hotuba zinafanana mno. Itifaki inakula dakika zake, zinafuata pongezi, halafu sekta binafsi ndio injini ya uchumi, halafu yanaombwa mazingira wezeshi, utitiri wa tozo uangaliwe, mamlaka zisomane, makofi, waziri anasimama anasema tumelichukua. Mwakani tena hivyohivyo.

Sasa najiuliza, huyo waziri kachukua nini? Ukimwambia utitiri wa tozo hajui aanzie wapi. Tozo gani, inakusanywa na nani, imeandikwa kwenye kanuni ipi, ni shilingi ngapi kwa gunia au kwa kilo, na ikitolewa serikali inapungukiwa kiasi gani? Waziri hawezi kufuta utitiri, anafuta tozo moja yenye jina. Na watu wa wizarani wanaobaki na ile karatasi ya hotuba baada ya viti kukunjwa hawana cha kufanyia kazi kama ndani hakuna namba wala kifungu.

Juzi nilichukua bahasha ya mzigo mmoja tu wa dagaa nikazipanga karatasi zake mezani. Ushuru wa mwaloni, pale boti zinaposhusha dagaa. Leseni. Kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi. Ushuru wa halmashauri. Malipo ya wapakiaji ambayo yameandikwa kwa peni bila muhuri. Risiti ya mashine. Ukiziangalia pale mezani unaona kabisa mbili zinalipia kitu kilekile, majina tu ndio tofauti, na hizo mbili sijawahi kuzisikia zikitajwa na kiongozi yeyote wa kitaifa. Sio kwamba anatuchukia, hajaziona. Nani kampelekea?

Hapo ndo kwenye hoja yangu. Tunawalaumu viongozi wa juu kwamba hotuba zao ni za jumla, lakini hotuba inapikwa na kilichopelekwa jikoni, na kutoka Kigoma hakipelekwi kitu. Kariakoo wanapeleka, wenye viwanda wa Dar wanapeleka, watu wa maua na mboga wa kaskazini wanapeleka. Sisi tunapeleka malalamiko kwenye vijiwe vya kahawa Mwanga.

Nakaribisha mawazo.

Kijana wa Masanga

Mkuu nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe. Hizo taasisi ni za matajiri. Mwenye kiwanda anaongea na waziri kwa simu, hiyo hotuba ni ya kupamba tu. Mimi mwenye kimeza cha vitenge pale sokoni nikalipe ada ya uanachama ili nini? Nisomewe risala na mtu ambaye hajawahi kukaa juani? Mimi naona mgomo ndo lugha wanayoielewa, Kariakoo walifunga maduka na Waziri Mkuu akaenda mwenyewe.

Mchuuzi wa Kibirizi

Nimekusikia kaka na mfano wa Kariakoo umeutoa vizuri, tuuangalie wote.

Mei 2023 Kariakoo walifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaenda pale Mnazi Mmoja, viongozi wa wafanyabiashara na wafanyabiashara wenyewe wakapewa maiki. Kama ulifuatilia utakumbuka, hakuna aliyepoteza muda na injini ya uchumi. Mtu anasimama anasema usajili wa stoo unatuumiza hivi, kikosi cha TRA, watu wa mapato, kinakamata mzigo hivi, mteja wangu wa Zambia kakamatwa na mzigo aliolipia. Majibu yalitoka palepale, usajili wa stoo ukasimamishwa na kile kikosi kikasimamishwa. Na kwenye bajeti iliyofuata kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kikapanda kutoka milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Sisemi ni mgomo peke yake uliofanya hilo, hicho kiwango watu walikuwa wanakipigia kelele kwenye makaratasi toka zamani, ila unaona tofauti ya kusema kitu chenye jina.

Sasa angalia na upande wa pili. Juni 2024 Kariakoo wakafunga tena na miji mingine ikafuata. Kwa nini tena, mwaka mmoja tu baadae? Kwa sababu tamko la kwenye uwanja linazima moto, lakini sheria na kanuni zikibaki vilevile mkaguzi mwingine atakuja na kifungu kilekile. Mgomo unamleta mkubwa uwanjani. Kumfanya aondoke na kitu kinachogeuka kuwa sheria ni kazi nyingine, ya karatasi na ya kufuatilia, na hiyo ndo kazi ya taasisi.

Halafu ufunge duka Kigoma uone. Kariakoo ikifungwa Zambia, Malawi, Kongo wanakosa mzigo na habari inakuwa ya taifa. Masanga tukifunga siku mbili nani Dodoma atajua? Anaumia mama wa nyanya na mteja wake.

Mzee wa Ujiji

Wanangu, niingilie kidogo. Mimi hii TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, naijua tangu inaanza mwaka 1988, enzi hizo kusema wewe ni mfanyabiashara mbele ya kiongozi ulikuwa unasema kwa sauti ya chini, tulikuwa tumetoka kwenye msako wa wahujumu uchumi wa 1983 na watu walikuwa na hofu bado. Kupata tu chombo cha kusimama na kusema sisi tupo ilikuwa jambo kubwa. Baadae 1991 wenye viwanda wakawa na CTI yao, 1998 ikaja TPSF, taasisi ya sekta binafsi ya kuwaunganisha wote, na 2001 Rais Mkapa akaanzisha Baraza la Taifa la Biashara ambalo Rais mwenyewe ndo mwenyekiti, wajumbe nusu serikali nusu sekta binafsi. Kijana hajui hayo yalipiganiwa.

Na hizo pongezi mnazozisema, msizione hivihivi. Kiongozi wa wafanyabiashara naye ana biashara yake, ana mkopo, ana makontena bandarini. Akisema vikali leo, kesho anaweza kuletewa wakaguzi wanne kwa wiki moja. Nimeona watu wenye midomo wakinyamaza. Kwa hiyo wengine wanapaka asali juu ili dawa ipite.

Mchuuzi wa Kibirizi

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kabisa kwenye hofu, na ndo maana namheshimu sana marehemu Reginald Mengi, yule mfanyabiashara mkubwa. Mtu aliwahi kuongoza CTI, akaongoza TPSF, na mwaka 2013 wakati serikali inanadi vitalu vya gesi yeye na wenzake wa TPSF wakatoka hadharani wakasema zoezi lisubiri kwanza, Watanzania wapewe nafasi ya kushiriki. Ilikuwa ni ombi moja, linaeleweka hata kwa asiyesoma uchumi. Akajibiwa hadharani na waziri, malumbano yakawa makubwa, mnada ukaendelea. Lakini nchi nzima ilianza kuongea habari ya ushiriki wa wazawa kwenye gesi, na 2015 sheria ya petroli ikaja na vifungu vya ushiriki wa Watanzania. Kushindwa siku ile hakukufanya hotuba iwe bure.

Ila mzee, pongezi zikizidi hata dawa yenyewe haipo tena. Mtu anapongeza kurasa tatu anaomba nusu ukurasa. Napendekeza apongeze kitu mahususi kilichofanyika kwa ombi lao, itakuwa pongezi na hapohapo ni kumbukumbu kwamba tuliomba hiki tukapata, sasa tunaomba hiki.

Mahindi Kasulu

Naomba kuongezea kuhusu vitu vyenye jina. Bajeti ya 2017/18 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na ikasemwa mtu anayetoa mazao halmashauri moja kwenda nyingine yasiyozidi tani moja asitozwe. Hilo liliombwa miaka na watu wa kilimo na wafanyabiashara, lilikuja na namba na likatoka na namba.

Sasa mimi na hiyo sheria nikakuta geti moja, sitataja la wapi, nina gunia nane za mahindi kwenye Fuso ya mtu, hazifiki tani, kijana wa geti anataka hela. Nikamwambia tani moja haitozwi. Akasema hayo mambo ya redioni. Nikatoa simu nikamwonyesha maneno yenyewe, akaita mkubwa wake, mkubwa akasoma, akasema pita. Mwenzangu nyuma yangu alikuwa na gunia sita, hakujua kitu, akalipa. Nilikuwa nimeshaondoka nikasikia baadae.

Kwa hiyo mimi naongeza, hao viongozi wakishinda kitu Dodoma wakirudi wasiishie kwenye picha ya pamoja. Watutumie sheria iliyobadilika kwa Kiswahili cha kawaida, karatasi moja, tubandike kwenye kioo cha gari.

Mchuuzi wa Kibirizi

Umemaliza mkuu. Hii ya kubandika kwenye kioo naichukua kama ilivyo.

Mama Manyovu

Na sisi wa hapa Manyovu, mpakani na Burundi jamani. Mimi napeleka sabuni, unga na vyombo vya plastiki upande wa pili, na kurudi nachukua maharage. Kwa nchi za Afrika Mashariki kuna utaratibu wa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000 kama ni bidhaa ya kutoka humuhumu na iko kwenye orodha unajaziwa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, ushuru wa forodha haulipi. Burundi wako ndani ya Jumuiya tangu 2007. Lakini wanawake wengi wa hapa hawakijui hicho cheti, wanapita na mizigo kichwani usiku kwa njia za panya, wananyang'anywa mzigo, wengine wanafanyiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilihudhuria semina ya chemba ya wanawake, TWCC, ndo nikajua. Tangu siku hiyo napita mchana. Kwa hiyo anayesema taasisi ni za matajiri, mimi sina utajiri wowote na ilinisaidia. Shida yangu ni kwamba semina ilikuwa ya watu thelathini hivi na wanaovuka hapa ni mamia. Na hotuba za wakubwa wakitaja mpaka wanataja Namanga na Tunduma. Manyovu sijaisikia.

Kijana wa Masanga

Mama hapo umenigusa, hilo la cheti hata mimi sikulijua na vitenge vyangu vingine vinaenda huko. Vitenge vinaingia?

Mama Manyovu

Inategemea vimetengenezwa wapi mwanangu. Kama ni vya kiwanda cha hapa kwetu kaulize forodha vimo kwenye orodha, kama ni vya China hapana, huo ni mzigo wa kupita njia ya kawaida.

Asali ya Sikonge

Wadau salaam kutoka Tabora. Sisi huku tuna tumbaku na asali. Watu wa tumbaku wana sauti kidogo kwa sababu kuna makampuni na vyama vya ushirika, kila msimu unasikia bei na masoko vinajadiliwa bungeni. Asali hakuna. Ndoo inanunuliwa kwa macho, mtu anafungua mfuniko anaonja kwa kidole anakupangia bei.

Swali langu kwa mleta uzi, unasema tupeleke karatasi. Tunapeleka lini na wapi? Maana sisi tulishawahi kuandaa risala nzuri, tukamsomea kiongozi aliyekuja ziara mwezi wa sita, akasema bajeti ndo imeshasomwa.

Mchuuzi wa Kibirizi

Hilo swali ndo nilikuwa nalisubiri, na hapa nitaandika kirefu kidogo.

Mwaka wa serikali unaanza Julai mosi. Bajeti inasomwa katikati ya Juni. Ukisema jambo lako Juni unaongea na gari ambalo limeshatoka stendi. Wizara ya Fedha kila mwaka inatoa tangazo la kukaribisha mapendekezo ya maboresho ya kodi, tozo na ada, na tangazo hilo linatoka kabla mwaka haujaisha, yaani wakati sisi tunahangaika na mzigo wa Krismasi. Hapo ndo CTI na TPSF na wenzao wanapeleka makabrasha yao, yenye kifungu cha sasa kinasemaje, kina madhara gani, kibadilishwe kisomeke vipi. Hotuba unazozisikia Machi na Aprili ni kukumbushia kilichoko kwenye kabrasha. Baadae Muswada wa Sheria ya Fedha ukifika bungeni Kamati ya Bajeti inaita wadau, hiyo ni nafasi ya mwisho na ni ya kurekebisha maneno, sio ya kuleta jambo jipya.

Kwa hiyo mtu wa Sikonge au Uvinza akitaka jambo lake liwemo kwenye hotuba ya Aprili, linatakiwa liwe limeandikwa Septemba au Oktoba. Na njia ipo. Kuna Baraza la Biashara la Wilaya, mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya, na la Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa, wafanyabiashara wanaingia mle kama wajumbe. Jambo la halmashauri liishie hukohuko chini, sio kila kitu Dodoma, ushuru wa mwalo ni sheria ndogo ya halmashauri na madiwani ndo wanaipitisha. Linaloshindikana linapanda. Najua kuna sehemu vikao haviitwi, hapo ndo chemba ya mkoa inatakiwa iandike barua ya kudai kikao, na wanachama tuwaulize viongozi wetu barua iko wapi.

Niwape mfano wa kilichotupita. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi, nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana. Mimi naunga mkono, samaki walikuwa wanaisha, migebuka tunayoiona sokoni sio ile ya zamani. Lakini ziwa lilifungwa na marejesho ya mkopo hayakufungwa. Mwenye kipe, boti ya kuvulia dagaa, amekopa injini na nyavu, mama wa vichanja, zile meza za kuanikia dagaa, amekopa kwenye kikundi, miezi mitatu hakuna dagaa wa kuanika na kila wiki kikundi kinataka hela. Vichanja vilikaa vitupu mwambao mzima. Hiyo ilikuwa hoja ya kitaifa kabisa, inahusu mabenki, inahusu Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ilikuwa ya kiongozi wa taasisi kusimama na kusema tunaunga mkono mapumziko, tunaomba mikopo ya wavuvi na wachakataji isogezwe kwa miezi hiyo mitatu bila riba ya adhabu. Sentensi moja. Kwenye hotuba zote nilizozisikiliza kipindi kile sikuikuta. Nauliza tena, nani aliipeleka?

Na nyingine inakuja. Reli mpya ya Tabora mpaka Kigoma mkataba ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 na matawi yake. Hotuba zote zinasema itafungua soko la Kongo, na kweli Kongo wamejiunga na Jumuiya tangu 2022, Kalemie ya Kongo iko ng'ambo ya ziwa tu hapo. Lakini ni nani amesimama akasema kwenye hiyo reli tunaomba mabehewa ya ubaridi ya samaki, na stesheni ya Kigoma iwe na sehemu ya kupokea mzigo mdogo wa gunia kumi, sio kontena tu? Hayo yanaombwa sasa. Reli ikishakamilika wataomba wenye makontena, na watapata kwa sababu wao wameandika.

Mzee wa Ujiji

Umesema kweli mwanangu. Na mimi nitasema kitu kimoja kama mtu wa zamani, wanaposimama kusoma wasisome tu, wajue wanachokisoma. Niliwahi kumsikia mmoja anasoma habari ya ziwa akaulizwa swali moja dogo na mkubwa, kichanja ni nini, akageuka kumtafuta katibu wake. Hoja ikafia hapohapo. Msemaji wa jambo la dagaa awe amekanyaga mchanga wa Kibirizi.

Kijana wa Masanga

Sawa wakuu, mmenisogeza, ingawa kwenye mgomo bado nina mawazo yangu. Swali dogo, ada ya uanachama mtu wa kimeza atalipaje?

Mchuuzi wa Kibirizi

Tusilipe mmoja mmoja. Waendesha boti wana umoja wao, wauza vitenge mna umoja wenu hapo Masanga, wachakataji wana vikundi. Umoja ukijiunga kama mwanachama mmoja, ada inagawanywa na sauti inakuwa ya watu wote waliomo. Na mkiwa watu mia mbili nyuma ya jina moja, hata anayeandaa hotuba kule juu anaweza kuandika kwamba wanachama wetu wauza nguo wa Kigoma wanasema hivi.

Mimi nimeanza na ya dagaa. Nina zile karatasi za mzigo mmoja, nitaandika kila malipo, nani anapokea, kwa sheria ndogo ipi, kiasi gani, na mbili zinazofanana niombe iondolewe moja. Nataka karatasi za wengine watatu wanne ili isionekane ni shida ya mtu mmoja. Kasulu naomba maelezo ya lile geti, tarehe na picha ya risiti ya yule mwenzako kama anayo bado. Mama Manyovu andika ya cheti, wangapi wanavuka hapo kwa siku ya soko na wangapi wanakijua, hata kwa kuhesabu mwenyewe pale kizuizini.

Mama Manyovu

Nitahesabu siku ya soko. Nina binti yangu anaandika vizuri.

Mahindi Kasulu

Risiti anayo, nimeshamuuliza saa hizi. Naituma inboksi.

Kijana wa Masanga

Mimi nakuja stoo kwako Jumamosi mkuu na mwenyekiti wetu wa umoja, niko na risiti za mwaka mzima kwenye mfuko wa rambo.

Asali ya Sikonge

Ikishachapwa nitumie nakala na huku Tabora, sisi tutaondoa dagaa tutaweka asali. Na hilo la kupima ubora wa asali kwenye vituo vya kununulia nitaliandika mimi.